Tambiko la Molandi

Juzi fundi wa bunduki pale mjini Singida aliifungua bunduki ya marehemu babu, na harufu ya mafuta ya kondoo aliyokuwa akiipaka ikanirudisha Kinampanda, enzi za Mwingereza.

Alasiri ile babu alikuwa ameua nguruwe pori waliokuwa wakitumalizia mtama. Aliiegemeza ukutani bunduki yake ya mitutu miwili, ingali ikinuka baruti, akamwaga pombe kidogo chini akiwataja wazee wetu waliokufa. Mwisho akalitaja jina lililochorwa ubavuni mwa bunduki.

"Na wewe Molandi, fundi wa mbali, kunywa na wenzako. Mwaka huu hatulali njaa."

Mimi, mtoto wakati huo, nilidhani Molandi ni ndugu yetu.

"Bibi, kaburi la babu Molandi liko wapi?" nilinong'ona.

"Ng'ambo huko. Nyamaza, wazee wanakunywa."

Nilimhurumia sana, kuzikwa mbali na kwao.

Juzi fundi alinionyesha mhuri mdogo chini ya mitutu. "Hii ni ya Ubelgiji, bibi. Huyo Molandi aliyeandikwa ubavuni hakuwahi kuwapo. Walibuni jina lifanane na la fundi maarufu wa Uingereza, ili bunduki inunuliwe."

"Sasa aliyeitengeneza ni nani?"

"Hakuna ajuaye."

Miaka yote ile tulimnywesha mtu ambaye hakuzaliwa, na aliyetuokoa na njaa hakupata hata tone. Kabla ya kuondoka nilikiinamisha kikombe cha chai aliyonikaribisha, nikamwaga kidogo kwenye vumbi la mlangoni. Jina sikutaja.