Injini Iliyozibwa Pumzi

Fundi Kasimiri alipompigia simu Shamsia aende Mikese kumsaidia kushusha injini ya trekta, alimwambia abebe mnyororo na ubishi auache gerejini kwake Mafiga. Shamsia alibeba vyote viwili.

Ubishi alizaliwa nao. Kwao ni Kinole, milimani Uluguru, ambako shamba hufuata upande wa mama, na mama yake alimpa kipande chenye migomba na pilipili manga akidhani kitamtuliza. Mjomba Halidi, mwenye sauti katika ukoo, aliposikia binti anataka kujifunza ufundi wa matrekta alisema mkono wa mwanamke ni wa jembe. Shamsia akamjibu kwamba trekta nalo ni jembe, ila lina magurudumu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Sasa ana thelathini na moja na gereji yake mwenyewe, na bado wapo wateja wanaofika wakamuuliza fundi yuko wapi. Huwaambia fundi amekwenda kunawa, kisha ananawa.

Ufundi wenyewe alipewa na huyo Kasimiri, kwa miaka sita, na hajawahi kulikana hilo. Ila mafundi wana mwiko wao: mwanafunzi hamkosoi fundi wake mbele ya mteja. Hata ukifungua gereji yako, hata ukipata wajukuu, ukimwona mwalimu wako anafunga nati kinyumenyume, unangoja mteja aondoke. Mwiko huu umelinda heshima za wengi, na umeua injini nyingi tu.

Alipofika Mikese aliwakuta watatu wamelizunguka trekta: Kasimiri, dereva Said, na mwenye mali, Mama Anastasia, mjane aliyenunuliwa trekta hilo na marehemu mumewe kwa mafao ya kiwanda cha sukari. Pembeni, gari la mnunuzi wa vyuma chakavu lilikuwa limeshaegeshwa. Mvua za kwanza zilishanyesha, na mashamba ya mpunga ya mama huyo na ya majirani zake yalikuwa hayajaguswa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Funga mnyororo," alisema Kasimiri. "Limekwisha hili. Likiunguruma linatema kijiti cha kupimia oili kinaruka juu. Linavuja kwenye kila sili ya kuzuia oili. Na sasa tazama, nimefungua nati ya chini ya kumwagia oili tangu saa mbili, oili inashuka kama mate ya mtoto. Imeganda humo ndani. Ringi zimekufa, na bloku nayo."

Mama Anastasia alikuwa ameshika funguo za trekta kwa mikono miwili.

Shamsia alichuchumaa, akakinga tone la oili kwa kidole na kulisugua. Lilikuwa jepesi, la juzijuzi. Oili ya namna ile haigandi, inakimbia. Akainua macho akaona kile kijiti cha kupimia kimekazwa kwa ukanda wa mpira wa tairi ili kisiruke tena. Hapo akili yake ikatua. Kama kila tundu limefungwa, oili itashukaje?

Aliona vizuri kwamba alitakiwa kungoja. Akaona pia lile gari la vyuma chakavu. Akainuka, akafungua kifuniko cha juu cha kumiminia oili. Injini ikavuta hewa kwa sauti, na ule uzi uliokuwa ukidondoka chini ukageuka mkondo mnene. Said aliwahi kusogeza ndoo ya pili.

"Ni kama dumu la mafuta ya kula," Shamsia alimwambia Mama Anastasia. "Ukilitoboa tundu moja, mafuta yanakwama. Ukitoboa la pili kwa nyuma, yanatoka."

"Shamsia," Kasimiri alisema taratibu. "Mteja yupo."

"Ndiyo maana nasema sasa, fundi. Trekta ni lake."

Hasira zilimpanda Shamsia, lakini hakuacha kazi. Akalifuata bomba la kupumulia, lile linalotoa nje moshi na presha ya tumboni mwa injini, akalichokonoa kwa waya. Kitu kikakwama. Akavuta, kikatoka: bonge la katani, jeusi, limelowa oili na kushikana na vumbi mpaka limekuwa gumu kama gunzi.

"Hiyo kazi ya dereva," alisema Kasimiri upesi, kabla hajaulizwa.

Shamsia alifunga nati ya chini. Alichuja oili, akaimimina tena, akafungua ule ukanda wa mpira, akamwambia Said achukue funguo awashe. Injini ilipochanganya, akageuza kifuniko cha oili akakilaza tu juu ya tundu lake bila kukikaza. Kama ringi za pistoni zimekufa, presha itapenya chini na kukirusha. Wote walikitazama. Kilitikisika kidogo pamoja na injini, kikatulia palepale. Dakika tano, kumi. Kijiti cha kupimia hakikuruka.

Mama Anastasia alilia waziwazi, bila aibu. Akamwendea mnunuzi wa vyuma akamwambia aende salama. Kisha akamgeukia Said, na uso ulikuwa mwingine.

"Ulitaka kuniulia trekta la marehemu. Kesho usije."

Said aliizima injini, akamkabidhi funguo. Kasimiri alikuwa anafuta spana ambayo haikuwa na uchafu.

Shamsia alilitazama bonge mkononi mwake. Katikati lilizungushiwa waya mwekundu mara tatu na kupindwa kushoto, na kati ya mafundi wote aliowajua, anayepinda kushoto ni yeye mwenyewe tu. Alikumbuka mwezi wake wa mwisho kwa Kasimiri, trekta hili lilipopita gerejini. Bomba lile kwa kawaida hudondosha oili kidogo, na mteja wa Morogoro akiona tone chini anasema fundi hajui kazi. Basi Kasimiri aliwafundisha kuliziba kwa katani, na gereji yake ikasifika kwa matrekta makavu.

Akinyamaza, ameshinda. Amelikomboa trekta, jina lake litavuma mpaka Mzinga, na mwalimu wake naye atamstahi.

"Mama, usimfukuze Said," alisema. "Katani hii niliiweka mimi."

"Shamsia," alisema Kasimiri.

"Niliiweka mimi, fundi, na ulinifundisha wewe. Nilijua injini inapumua. Nikaogopa kukuuliza."

"Unajiharibia jina, mwanangu."

"Langu hilo. Na bado sijamaliza kuliharibu."

Mama Anastasia alilitazama bonge lile. Alikuwa amekasirika, na hakuficha. Akamrudishia Said funguo. Kisha akamuuliza Shamsia, "Umeziba mangapi mengine?"

"Tisa."

"Yako wapi?"

Shamsia alifuta mkono kwenye suruali, akatoa simu, akampigia mwenye trekta la kwanza kati ya yale tisa, akaweka sauti kubwa ili Kasimiri naye asikie.

"Alois? Ni fundi Shamsia. Zima trekta. Nililiziba mimi mwenyewe. Nakuja."