Taji la Mfalme wa Kambini

Tangu tukimbie vita Masisi, mke wangu anaumwa mguu, kwa hiyo maji nachota mimi, kwa siri. Wanaume wenzangu wakijua nimekwisha.

Hapa kambini tunacheza mchezo wa zamani: mfalme anamuua binti wa watu kwa kuogopa kuonekana ameshindwa na mwanamke. Mfalme ni mimi. Jana nilichelewa bombani, nikapanda jukwaani mbio, nikanguruma: "Mwanaume haamriwi na mwanamke!"

Watu wakacheka. Wanacheka nini, na huu ni mchezo wa msiba? Nikapapasa kichwa, nikagusa mviringo. Taji lipo. Nikanguruma zaidi, wamama wakashika mbavu.

Mke wangu akasimama: "Papa Neema, ile si taji, ni ngata yangu ya kubebea maji! Na bidoni ya maji umeiacha wapi?"