Rula ya Mzee Kwenye Kioo

Kabla mashine haijajifunza kutusuta, tulikuwa na Mzee Rula. Alikuwa mtunzi wa programu mkongwe katika ofisi yetu ya kutengeneza bili za maji, na jina hilo alilipata kwa haki: hakupokea kazi ya mtu bila kuweka rula ya plastiki juu ya kioo cha kompyuta, aone kama mistari imesimama sawa. Kioo chenyewe kilikuwa na mikwaruzo kama sufuria ya bweni. Ukimletea msimbo, yale maandishi ya programu, uliokaa shaghalabaghala, alikuvutia kiti usome kwa sauti. Pumzi ikikukatika, basi mstari umezidi urefu. Mimi nilifika pale na diploma nusu. Mapafu ndiyo yaliyohitimu.

Ujanani alipanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji. Ndiyo maana faili la bei za maji alilipanga kwa mkono, kwa kitufe cha nafasi, to, to, to, mpaka kila tarakimu ikakaa chini ya mwenzake kama askari gwarideni.

Mwaka wake wa mwisho kazini, dada aliyetuongoza akaweka kikaguzi. Kila tukituma kazi, kompyuta kuu inakagua mpangilio yenyewe. Isiporidhika, kazi haipiti. Akakiwasha na sheria zote kwa mpigo, juu ya faili zote. Asubuhi hiyo kila kioo kilikuwa chekundu. Hata aliyerekebisha neno moja alirudishiwa madhambi ya wahenga. Dada akalegeza: kikague mistari iliyoguswa tu, na faili za zamani zipangwe upya na mashine, moja moja.

Faili la bei likaachwa la mwisho, na sote tulijua kwa nini. Mashine ingebana zile nafasi zote, kazi ya vidole vya mzee ipotee kwa kufumba na kufumbua.

Nikajitosa kuliombea msamaha. Kikaguzi huruhusu kuruka faili, ila sharti uandike sababu. Nikaandika kwamba limepangwa na mzee wetu, liheshimiwe.

Mzee akasoma, rula mkononi. "Hii sababu au tanzia?" akauliza. "Mwanangu, mimi bado nakula. Futa."

Nikamwambia nikifuta, safu zake zinakwenda na maji. Akavuta kibodi, akaliachia faili kwa mashine, akalitazama likipangwa upya bila kupepesa. Jedwali la bei lililokuwa ndani yake tu ndilo alilolibakiza, akaandika sababu yake: tarakimu zikisimama wima, sifuri iliyozidi inaonekana kwa jicho.

"Hiyo itaishi," akasema. "Heshima ataifuta kiongozi atakayekuja."

Amekuja mwingine, na mwingine tena, na wamefuta mengi. Jedwali lipo. Kikaguzi kikilifikia hupita kando, kama mkwe mlangoni kwa mama mkwe. Bei zikibadilika, naitwa mimi. To, to, to. Rula aliniachia, ila vioo vya siku hizi havitaki mikwaruzo, kwa hiyo naishika hewani.