Boti Isiyoachiwa Pindo

Haya ninayoandika najua hamtayaamini, na sitagombana na mtu. Hata mimi ningesimuliwa ningeguna. Lakini nilikuwepo, nilikanyaga kwa miguu yangu hii miwili, na shahidi yuko hapa hapa: naandika juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, na kila nikiinua kalamu ananitupia jicho kama mwalimu wa zamu. Shule niliiacha darasa la tano, au ndiyo iliyoniacha, lakini macho ya aina hiyo siyasahau.

Shahidi mwenyewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, fundi cherehani. Anashona sare za shule. Chumba chake kina dirisha moja, na cherehani ya kukanyaga iko chini ya dirisha hilo kufuata mwanga, kwa hiyo ukiingia unapokewa na mgongo. Unausalimia mgongo, mgongo unaitikia, unauletea mgongo chai. Kwa jinsi alivyolikanyaga lile pedeli, ameshaizunguka dunia mara mbili na hajatoka chumbani.

Sifa yake kubwa ni pindo. Mzazi akimleta mtoto, fundi humpima mtoto wa mwakani, si huyu aliyesimama mbele yake. Mikono ya shati inafika kwenye kucha, suruali inakunjwa mara tatu. Wazazi wanampenda kwa hilo. Watoto, sina hakika. Binti yake wa miaka sita huenda shule na sketi inayoweza kumtosha mwalimu. Mdogo wake wa miaka mitatu, tunayemwita Kifungo kwa sababu aliwahi kumeza kimoja, akivaa kaptula aliyoshonewa na mama yake humwoni magoti.

Basi siku moja binti akarudi na mchoro: familia yetu. Baba, ambaye ni muuguzi, kachorwa na meno yote. Kifungo yupo. Mimi nimo pia, na tumbo ambalo nimeshalisamehe. Mama yake alikuwa duara la nywele, gauni, na cherehani. Hana uso. Fundi akauliza macho yake yako wapi. Mtoto akajibu, bila ubaya wowote, "Yako upande wa ukutani."

Kesho yake fundi akatangaza kwamba Jumapili hashoni tena. Atanunua boti ndogo ya kukanyaga, awe anawapeleka watoto bwawani, wamwone. Kwa nini boti? Alisema katikati ya maji hakuna mteja wa kupiga hodi. Akili hiyo kaitoa kwa wajomba zake. Mume alikuwa zamu, akaridhia kwa sharti moja, majaketi ya kuelea yavaliwe na kila mtu, nami nikafuatana nao kama mtaalamu wa maji. Utaalamu huo nilijitunuku mwenyewe njiani.

Muuzaji pale bwawani ni mama mmoja mwenye filimbi shingoni na maneno machache. Alikuwa na boti tatu kando ya jukwaa la mbao. Mimi nilishaichagua yenye shingo ndefu ya bata. Akaniambia shingo hiyo inamziba mtu asione aendako, ila picha zake hutoka nzuri. Fundi yeye akatoa futikamba. Alizipima boti kama anazishonea suruali, kiunoni, mapajani, urefu wa mguu, akaandika kwa chaki kwenye mbao. Mwisho akaishika kubwa, ya watu sita, viti vya watoto vipana huko nyuma.

"Watakua," akasema.

Kwenye majaketi akaomba saizi mbili zaidi. Mama wa filimbi hakubisha. Akamvika Kifungo lile kubwa, akalishika mabegani, akalivuta juu taratibu. Jaketi likapanda, Kifungo akabaki chini, amefunikwa uso, mikono hewani.

"Dada, maji hayamsubiri mtoto akue," akasema. "Hili linunuliwe la kumbana leo."

Nilicheka sana, mpaka akanigeukia na kuniambia langu ndilo liongezwe saizi mbili.

Akatufungia boti kwa kamba kwenye nguzo, ndiyo desturi yake kwa wanaojaribu, tukapanda. Fundi na mimi mbele kwenye pedeli, watoto nyuma. Hatujafika hata mizunguko kumi, sauti ya binti ikaja.

"Mama, ni mgongo tena."

Fundi akaacha kukanyaga. Alikuwa amepima kila kipande cha boti ile na hakukumbuka kupima kilichomtoa nyumbani. Tukarudi jukwaani.

Ya tatu ilikuwa ndogo, rangi ya sabuni ya kufulia, chini bapa na pana kama sinia. Hatukuwa tumeitazama. Benchi la watoto liko mbele na linawaelekea wanaokanyaga, goti kwa goti, karibu kiasi cha kumshika mtoto ukosi bila kuinuka. Nafasi ya ziada hamna hata ya kiganja. Nikamchokoza: fundi, hii haina pindo, baada ya miaka mitatu binti haenei.

"Mjomba, leo anaenea." Akaikunja futikamba, akaitia mfukoni.

Kamba ikahamishiwa boti hiyo, tukaketi, kila jaketi limembana mwenyewe. Maji yakawa yanagonga ubavuni, boti haiyumbi. Binti akamtazama mama yake, akamtazama tena, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akanyoosha kidole.

"Mama, kumbe una kidoti hapa karibu na pua."

"Kipo siku zote."

"Sikukijua."

Kifungo naye akataka kukigusa, akakigusa, akauliza kama kinamezeka. Fundi akacheka huku mashavu yamelowa. Inawezekana ni maji ya bwawa. Sikuuliza, maana mtu mmoja ilibidi afanye kazi.

Na hapa ndipo hamtaniamini. Miguu yangu ilishika moto. Nilikanyaga mpaka boti ikainua pua, bata wa kweli wakatupisha njia, tukavuka bwawa zima hadi ng'ambo, tukarudi, tukavuka tena, watu ukingoni wamesimama wananishangilia, na safari ya nne upepo ukatubeba hadi kule kwenye kilindi ambako hata mama wa filimbi hajawahi...

"Mjomba," fundi ananisomea begani, "kamba ilikuwa bado kwenye nguzo."