Mlango Wangu Ulivyopigwa Mnada Kanisani

Jamani, aibu hii nimeikalia miaka mingi, na nisingeisema leo kama mke wangu asingekuwa anaisimulia kwa kila mgeni na kuitia chumvi, kwa hiyo afadhali mnisikie mwenyewe.

Ilikuwa enzi zile mashirika ya umma yanauzwa, na sisi wapangaji wa maghorofa fulani pale Themi, mjini Arusha, tukauziwa nyumba tulizokuwa tunakaa, tukawa wenye nyumba kwa mara ya kwanza maishani, na kitu cha kwanza tulichofanya ni kuunda kamati ya kukatazana (msicheke, mimi mwenyewe niliipigia kura). Hakuna kubadilisha mlango wala dirisha bila barua ya kamati. Mwenyekiti alikuwa mzee Elirehema, mwalimu mstaafu, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu, mtu wa utaratibu hata akipiga chafya.

Sasa madirisha yangu ya mbao yalikuwa yameoza, hayafungi, na baridi ya Julai ya Arusha mnaijua. Binti yetu Neema ana pumu. Ikimbana kifua, mimi na mama yake tunabaki kutazamana kwa hofu. Nikaomba kuweka madirisha ya alumini, ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yanaingia mjini, pamoja na mlango mpya.

"Ombi lako tutalijadili Jumapili baada ya ibada," mzee akaniambia. "Mpaka hapo usiguse hata bawaba."

Fundi naye akasema mwisho wake Jumamosi, Jumatatu ana kazi Moshi. Nikajiambia, nani atakataa jambo la mtoto mgonjwa? Tukang'oa Jumamosi, tukafunga vipya, na ili vya zamani visinichongee uani nikavipakia kwenye pikapu ya shemeji nikaenda kuvificha kanisani, nyuma ya darasa la Sunday school, nikiamini hakuna atakayetafuta mlango huko. Nikasahau kitu kimoja tu: kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno, na nyuma ya darasa lile ndipo waumini huweka sadaka za mnada.

Ibada ikaisha, tukatoka uani, zikanadiwa ndizi, mayai, kuku, na mnadishaji, kama mlivyokwisha kuhisi, ni mzee Elirehema. Mara vijana wawili wakaja wamebeba mlango wangu.

"Mbao ya mninga hii!" mzee akapaza sauti. "Na madirisha yake mawili! Tena mlango una namba kabisa, B saba..." Akaisoma tena. Majirani wote wa maghorofa wakageuka kunitazama.

"Baba Neema," akasema taratibu, "umemtolea Bwana mlango wako?"

Ningeweza kusema ukweli. Nikasema, "Ndiyo, mzee." Watu wakapiga makofi. Mchungaji akanishika bega akaniombea mimi na nyumba yangu, na mama mmoja mfugaji kutoka Nduruma, nje ya mji, aliyekuja kumtembelea bintiye, akavinunua vyote kwa ajili ya banda la mbuzi.

Mchana kikaoni hakuna aliyetaja kanisa. Mzee alisema tu kwamba kamati haiwezi kuruhusu kubadilisha kitu ambacho hakipo, hivyo nitoe vipya, nirudishe vya zamani, ndipo waje kukagua na kuamua. Alhamisi. Nikavitoa vipya, na siku zile nne madirisha yalikuwa matundu matupu, Neema akalala kwa jirani, na kila asubuhi nikimfuata ananiuliza kama nyumba yetu imeshapona. Hapo ndipo nilipoona aibu kwelikweli. Ya kanisani ilikuwa kichekesho tu.

Jumatano nikaenda Nduruma kwa yule mama. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe si ndiye uliyempa Mungu mlango?" akasema. "Sasa unakuja kumnyang'anya kupitia kwangu?"

Nikamweleza yote, pamoja na habari ya kifua cha mtoto. Akainuka, akawatoa mbuzi bandani. "Haya, chukua vyote. Lakini Ijumaa navitaka. Chui siwezi kumwambia asubiri kamati."

Alhamisi wanakamati watano wakasimama mbele ya mlango wangu, unanuka beberu, wakaupapasa, wakajaribu bawaba, majirani wamejaa ngazi nzima. Mzee Elirehema akafungua kalamu.

"Tukikuruhusu, huu wa zamani utaupeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe, mzee," nikasema. "Nimeuazima. Pale kanisani nilidanganya, sikuutoa sadaka, niliuficha. Nilikuwa nimeshang'oa kabla ya kikao. Mtoto alikuwa anaumwa, nikaona barua itachelewa."

Ngazi nzima ikaangua kicheko. Mzee hakucheka. Akatia sahihi, akanikabidhi karatasi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ungeniambia habari ya mtoto, barua ningekuandikia siku ileile."

Sikuwa nimemwambia. Ombi langu lote lilihusu alumini. Tangu siku hiyo nikihitaji kitu kwa mtu, naanza na sababu.