Ahadi ya Bibi Kamusi

Mwanamke wa kwanza kusoma, na kisha kufundisha, katika chuo kile cha theolojia alikuwa Bibi Kamusi, lakabu aliyopewa na wanafunzi kwa umahiri wake wa Kiyunani. Asubuhi moja msichana aliyekuja kujiunga na chuo aliingia ofisini mwake na karatasi mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna kama uliyelishwa shubiri?"

"Eti niahidi kwamba sitaomba kuhubiri maisha yangu yote! Wavulana hawaulizwi. Nani aliyetunga maneno haya?"

Bibi Kamusi aliyajua. Miaka arobaini nyuma, alipokataliwa kwa kuwa mwanamke, aliliandikia baraza la chuo ahadi hiyo kwa mkono wake na kuitia sahihi ili apokelewe. Akapokelewa, na kila binti aliyemfuata akawekewa maneno yaleyale, naye akiona, akiinamia vitabu vyake.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe? Na elimu yote hii?"

"Elimu haikuniondolea woga." Akaitafuta fimbo yake. "Nishike mkono twende kwa mkuu wa chuo. Usitie sahihi yako kabla sijaifuta yangu."