Ngazi ya Nyuma

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la sita, nikalala miaka kwenye kibanda cha mabati kule Waithaka, na leo karakana ya vioo na alumini hapa Kinoo ni yangu, nyumba ya mawe iliyo juu yake ni yangu, hata ukuta ambao majirani wanaegemea wakipiga domo ni wangu. Watu wa digrii huniletea barua za kuomba kazi. Kwa hivyo binti yangu aliponionyesha kwenye simu picha ya baba wa mchumba wake, sikushtuka. Nilimwambia tu mzee anapendeza.

Nilikuwa nimemtambua papo hapo. Zamani, nikiwa kibarua wa fundi wa vioo, yeye alikuwa msimamizi wa jengo moja katikati ya jiji. Nilitumwa na kioo cha futi tatu kwa nne, orofa ya saba. Akanizuia kwenye lifti, akasema ni ya watu wa ofisi, nitaichafua. Nilipanda ngazi na kile kioo, jasho likiniingia machoni na sina mkono wa kulipangusa. Huko juu niliomba maji.

"Bomba liko chini, kijana," alisema mbele ya makarani wake. "Ngazi si umeshazijua?"

Wakacheka. Kicheko hicho nimekaa nacho miaka ishirini na kitu.

Siku ya kuleta mahari, wageni walifika saa tano na magari matatu. Kwetu wanawake hufunga geti na kuimba, wageni nao huimba na kutoa kitu kidogo, ndipo wafunguliwe. Walitoa. Vigelegele vikapigwa. Lakini ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Nilichungulia kwenye kidirisha cha geti, nikawaambia kufuli limekwama, wazunguke nyuma wapande na ngazi ya wafanyakazi, ile inayotoka karakana. Ina vidato arobaini na kimoja.

Mzee alikuwa na fimbo, na goti moja lilikuwa limekataa kukunjika. Nilisimama juu kabisa, mikono nyuma, nikimtazama akipanda. Sitadanganya, ilikuwa tamu. Tamu kuliko siku niliyopewa hati ya hii ploti.

Alipofika katikati alikaa chini. Nikamshukia, nikainama, nikamkumbusha polepole: lile jengo, ile lifti, yale maji. Nilitaka nione aibu ikimpanda usoni. Alinitazama huku akihema.

"Sikukumbuki, baba," akasema. "Niliwapandisha wengi."

Neno hilo lilinichoma kuliko kile kicheko. Miaka yote hiyo nimemlisha moyoni mwangu, kumbe yeye hakukaa na mimi hata dakika.

Sikujua binti yangu alikuwa nyuma yangu, amemletea mzee maji. Alingoja anywe, akamshika mkono, kisha akanigeukia bila kupandisha sauti.

"Baba, hawa ndio naenda kuishi nao. Sasa nitaingia kwao na uso gani?"

Akashuka nao. Magari yakaondoka naye, nyama ikabaki motoni. Kwa miezi mitatu hakushika simu yangu, na mama yake alikuwa ananiwekea chakula mezani, yeye anaenda kula jikoni.

Wazee wetu wakanikalisha. Walisema hakuna harusi mpaka mimi, baba wa bibi harusi, nipeleke faini kwa watu wa bwana harusi. Kinoo nzima hakuna aliyewahi kusikia kitu kama hicho. Nikingoja siku ya kwenda, nilitoa amri karakana: yeyote anayeingia, hata aliyeleta mchanga, apewe maji kabla ya kuulizwa shida yake. Watu wanasema nimekuwa mwema. Waseme. Mimi nilitaka habari zimfikie yule mzee, ajue nimemshinda.

Tulipofika kwake Uthiru, geti lilikuwa wazi. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama hapo na goti lake, akatushika mikono mmoja mmoja, mimi akanikalisha kwenye kiti chake. Hilo nalo sijamsamehe. Binti yangu alikuja akanisalimia kwa mikono miwili, akaniita Baba. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yote iliyonitoka: mbuzi wawili, blanketi la mama mkwe wake, gari la kukodi na faini waliyopanga wazee, jumla shilingi elfu hamsini na nane, mia sita na hamsini.